Haitasita: Ukanushi Maradufu katika Lugha ya Siasa, Ufukoni mwa Ziwa Victoria

Liko neno moja ambalo mkazi wa Mwanza amelisikia majukwaani hata limemchosha masikio. Neno lenyewe ni "haitasita". Serikali haitasita kuwachukulia hatua wenye makokoro. Serikali haitasita kuufunga mwalo utakaokutwa na samaki wachanga. Serikali haitasita kumwondoa kazini mtumishi mzembe. Pacha wake ni "haitalifumbia macho". Maneno haya mawili yamefumwa kwa uzi mmoja. Kusita ni kutokutenda, na kufumba macho ni kutokuona. Vitenzi hivi vimekwisha kubeba ukanushi ndani ya maana yake. Mbele yake hutiwa kikanushi cha pili, ha-, na hapo msikilizaji huachiwa kazi ya kufanya hesabu.

Akiifanya hesabu hiyo kama alivyofundishwa darasani, kwamba hasi mbili huzaa chanya, atatarajia kupata kauli hii: Serikali itachukua hatua. Lakini hiyo siyo iliyosemwa. Alichopewa ni sifa ya Serikali, kwamba si yenye kusita. Ni nani atakayechukua hatua, lini, kwa sheria ipi, na juu ya nani, hayo hayamo katika sentensi, wala hayawezi kudaiwa kutoka kwake. Msemaji akiulizwa baada ya mwaka mmoja mbona makokoro yangali majini, anaweza kujibu pasipo kusema uongo kwamba Serikali haijasita hata siku moja.

Sarufi ya Kiswahili yastahili kulaumiwa kidogo hapa, au kusifiwa, kutegemea anayeitumia. Kanusho mbili za Kiswahili hazina tabia moja. Ziko zinazoongezana: mtu asemapo kwamba fulani hakusema wala hakucheka, kanusho la pili halilifuti la kwanza, bali hulitia uzito. Ziko zinazofutana, au zinazokaribia kufutana, kama "hakukosa kuja", ambayo kwa kawaida ina maana kwamba alikuja. Na liko kundi la tatu, lililo kubwa na lenye hila zaidi, la kanusho zinazobakiza. "Si mbaya" si sawa na "nzuri". "Si kwamba hampendi" si sawa na "anampenda". Hata mtoto aliyeletwa kuposewa mamaye wa kambo anaujua umbali ulio kati ya kauli hizo mbili. "Si haba" ni wingi uliosemwa kwa kuinamisha kichwa, ili aliyepewa asionekane mwenye kujigamba mbele ya Mola wake. Katika kundi hili kinachobaki baada ya hasi kukutana na hasi ni nafasi, mfano wa mlango ulioachwa wazi kidogo. Siasa imejenga nyumba yake katika nafasi hiyo.

Chukua "hakuna asiyejua". Juu juu ni sawa na kusema "wote wanajua". Lakini "wote wanajua" ni kauli inayoweza kuhesabiwa na kukanushwa: analetwa mmoja asiyejua, na kauli imeanguka. "Hakuna asiyejua" hufanya kazi nyingine. Humtafuta huyo mmoja asiyejua na kumtia haya kabla hajafungua kinywa. Atakayesimama mkutanoni na kusema "mimi sijui, naomba nielezwe" amejitenga na watu, amekuwa yule ambaye imekwisha tangazwa kwamba hayupo. Ndiyo maana kauli hii hupendwa sana pale ambapo jambo lenyewe halijathibitishwa.

Msomaji wa visiwani na wa mwambao pengine amekwisha kuanza kutikisa kichwa. Atasema kwamba haya yote ni uungwana, kwamba pwani mtu haambiwi hapana usoni, kwamba mgeni hakataliwi bali huelezwa udhuru, na kwamba washairi wa malumbano kwa karne nzima wametanguliza "sikatai" kabla ya kukataa. Ni kweli, na ushairi wa Kiswahili ungekuwa mkavu kama mfupa bila ya adabu hiyo. Hata hivyo kuna tofauti isiyopaswa kupuuzwa. Fumbo la malenga hutegwa mbele ya mtu mwenye uwezo wa kulitegua. Hujibiwa kwa bahari ileile na vina vilevile, na hadhira hukaa kuhukumu. Kanusho la adabu lina watu wawili walio sawa. La jukwaani lina kipaza sauti upande mmoja, na upande wa pili lina watu waliosimama juani.

Tena si sahihi kudhani kwamba adabu hii ni mali ya chumvi peke yake, na kwamba watu wa maji baridi hunena kama wapasuao kuni. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Riwaya hiyo inahusu ndoa iliyokosa mtoto, na sehemu kubwa ya mwanzo wake ni mashauri ya wakwe. Ni mazungumzo marefu, ya kuzunguka, yenye kukataa pasipo kukataa na kukubali pasipo kukubali. Lakini mwisho wa mzunguko wote ule mkwe hutajiwa pombe ya ndizi anayotakiwa kuileta, naye anajua kazi inayomngoja. Maneno yamezunguka yakatua kwenye mitungi inayohesabika. Hilo ndilo linalokosekana jukwaani.

Kisa kinachofundisha zaidi, kwa upande wa Mwanza, ni kile cha filamu ya Darwin's Nightmare. Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, aliitoa mwaka 2004, na mwaka 2006 ikawa miongoni mwa filamu zilizopendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Ilionyesha viwanda vya minofu ya sangara, ndege za mizigo zikipaa kuelekea Ulaya, watoto wa mitaani, na mapanki: yale mabaki ya sangara, kichwa na mifupa, yaliyobaki baada ya minofu kukatwa, yakianikwa juani kwenye vichanja. Filamu iliuliza pia, mara kwa mara, ndege zile zinakuja na nini. Tarehe 31 Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete, akihutubia Mwanza, aliilaani waziwazi. Jambo likaingia Bungeni, na maandamano ya kuipinga yakafanyika mjini Mwanza.

Utetezi wote uliotolewa wakati ule, ukikamuliwa hadi ubaki sentensi moja, ni huu: si kweli kwamba watu wa Mwanza hawali samaki. Sentensi hiyo ni ya kweli. Aende yeyote Mwaloni Kirumba alfajiri atawaona dagaa, sato na sangara, na wanunuzi wake si Wazungu. Kwa hiyo mtetezi hakudanganya. Lakini tazama kilichofanyika. Shutuma iliyokuwa nyembamba na yenye ncha, kwamba minofu inasafiri na mifupa inabaki kwa maskini, imebadilishwa kwa shutuma pana ambayo ni rahisi kuikanusha, kisha hiyo pana imekanushwa. Neno "samaki" limemeza "minofu" na "mapanki" kwa pamoja, na baada ya hapo hakuna tena wa kuuliza ni nani alaye kipi. Ilipoongezwa hoja ya pili, kwamba mapanki ni chakula cha mifugo, muundo ulikuwa uleule: kitu kimetajwa kwa matumizi yake mengine ili lile moja lisitajwe. Wanawake waliokuwa wakiyakaanga na kuyauza walibaki nje ya sarufi.

Kauli yakinishi ilikuwa inawezekana. Ingesema: kilo moja ya minofu mjini Mwanza ni bei hii, panki moja ni bei hii, kibarua wa kiwandani hulipwa hiki kwa siku, hesabuni wenyewe. Kauli ya namna hiyo ingeweza hata kuishinda filamu, maana filamu ilikuwa na udhaifu wake. Juu ya silaha ilijengwa zaidi kwa maswali na kimya kuliko kwa ushahidi, na kimya cha rubani aliyeinamisha macho ni aina ya "si kwamba hakuna". Mwanahistoria wa Ufaransa, François Garçon, aliishambulia kwa maandishi kwa sababu hiyo, na ugomvi wao na Sauper ukafikishwa mahakamani. Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa zikizungumza kwa kubakiza. Tofauti ni kwamba msanii huishi kwa kubakiza na hudaiwa uzuri. Kiongozi hudaiwa jibu.

Hapa yafaa kumkumbuka mtu mwingine wa ukanda wa ziwa, aliyejua pande zote mbili za kazi hii. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, si mbali na Musoma, alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka 1963, akairudia na kuitoa upya mwaka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Yeyote aliyewahi kujaribu kuitia tamthilia ile katika lugha nyingine anajua kwamba mtihani wake mkubwa ni hotuba ya Antonio mbele ya maiti. Mzungumzaji yule anakana kila anachokifanya. Anakana kwamba amekuja kusifu, na huku anasifu. Anakana kwamba anataka kuwachochea watu, na huku moto unawaka. Mfasiri asiyeona kwamba kila kanusho pale ni mlango wa kuingilia, akayatafsiri maneno kama taarifa tu, ameiua hotuba. Kiswahili kina bahati ya kuwa na "si" fupi, inayoweza kunong'onwa, ambayo msikilizaji hulipita bila kujikwaa.

Mtu aliyekaa na hotuba ile miaka mingi alijua vema namna ya kusema kwa kukanusha. Kwa hiyo si jambo la kubahatisha kwamba mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka na kuikalia sehemu ya Kagera, magharibi ya ziwa hilihili, aliliacha kabisa. Hotuba yake ya mapema Novemba ilisimama juu ya mambo matatu, uwezo, sababu na nia, na yote matatu aliyatamka kwa kuyakinisha: yapo, tunayo. Hakusema kwamba nchi haitasita. Kauli ile ilikuwa ahadi inayoweza kupimwa, na ilipimwa. Aprili 1979 Kampala ilikuwa imeanguka.

Lakini itakuwa kosa kuufanya uyakinishi kuwa utakatifu. Novemba 1973 kiongozi yuleyule aliagiza, kwa kauli isiyo na kanusho lolote, kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanakaa katika vijiji, na kwamba hiyo ni amri. Nyumba zilibomolewa na watu wakahamishwa, Ukerewe nako. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa hicho, aliandika juu ya siku hizo katika Gamba la Nyoka, iliyotoka mwaka 1979. Na wakati ule wa amri zilizonyooka, ukanushi maradufu ulihamia kwa wanyonge. "Si kwamba hatutaki kuhama, ndugu mwenyekiti" ni kauli ya mtu aliyezungukwa. Mbele ya "ndiyo" inayomng'oa shambani kwake na "hapana" inayompeleka mahabusu, alijenga kibanda kidogo katikati ya kanusho mbili akajisitiri humo mpaka mvua ya masika ipite. Nani atamlaumu? Sarufi ni ileile ya jukwaani, ila yeye hakuwa na askari nyuma yake. Anayehukumu kanusho kwa umbo lake tu, bila kuuliza limetoka kinywani mwa nani, atawaweka katika kapu moja mwenye fimbo na mwenye mgongo.

Vyama vingi vilipokuja, havikuibadilisha lugha hii kama ilivyotarajiwa, viliigawana. Hata majina yaligawanwa. Kabla ya uchaguzi wa 2010, CHADEMA ilizunguka nchini na kampeni iliyoiita Operesheni Sangara, na uchaguzi huo ukaipa viti vya Nyamagana, Ilemela na Ukerewe. Mwaka 2018 jina hilohilo, Operesheni Sangara, lilikuwa la Serikali ya chama kilekile kilichoshindwa katika viti hivyo, nayo ilikuwa ya kukamata na kuchoma nyavu haramu. Sangara mwenyewe, mgeni aliyepandikizwa ziwani na wakoloni, akala furu hadi wakakaribia kwisha, hakuombwa ruhusa na upande wowote. Katika operesheni hiyo ya pili kulikuwa na kauli mbili zilizotembea pamoja. Moja ilikuwa ya kanuni: sangara wa chini ya sentimita 50 asivuliwe. Hiyo hupimwa kwa rula, na mvuvi anaweza kubishana nayo akiwa ameshika samaki wake mkononi. Ya pili ilikuwa "hatutamwonea haya mtu yeyote". Wavuvi waliogopa zaidi ile ya pili, na walikuwa na haki, kwa sababu haina urefu.

Yabaki maji yenyewe, na waliokufa ndani yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi, ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa imejengwa kubeba abiria 430 hivi. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800, lakini hesabu kamili haikupatikana, kwa kuwa si wote waliopanda walioandikwa. Wengi walizikwa Igoma. Katika msiba kama ule lugha ya kanusho mbili huwa na haki yake. Kusema kwamba hakuna asiyehuzunika ni namna ya kukaa matangani, na hakuna muungwana atakayesimama kuihakiki sarufi ya mfiwa au ya aliyekuja kumpa pole. Tatizo huanza siku ya arobaini, pale kauli ileile ya matanga inapoendelea kutumika mahali ambapo palihitajika orodha. "Hakuna atakayesalimika" huwa imechukua nafasi ya majina. "Haitajirudia", ambayo ni kanusho la jambo lililokwisha kutokea, huwa imechukua nafasi ya mizani bandarini na kalamu mlangoni pa meli.

Ilijirudia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kabla ya kutia nanga Bwisya, Ukara, siku ya gulio. Waliokufa walizidi 220. Safari hii hesabu ilipatikana, kwa sababu Ukara ni kisiwa kidogo na watu walihesabiana wenyewe kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, wakisimama ufukweni siku hadi siku kutambua miili. Hapo ndipo kauli iliyochakazwa majukwaani ilipopata kwa mara moja maana yake ya asili. "Hakuna asiyefiwa" ingesemwa Dodoma au Dar es Salaam ingekuwa rambirambi. Ikisemwa Bwisya inakaribia kuwa takwimu, na msemaji wake anaweza kuulizwa na akaonyesha kwa kidole: mlango ule, na ule, na ule.

Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Sentensi hiyo haina kikanushi hata kimoja, na ilikuwa inajulikana kabla kamba haijafunguliwa Bugolora.